Safari ya Ureno na Uhispania kwa watu wa Mombasa: tuanzie mji gani, na tuchague kisiwa kipi?

Mwalimu wa Kibokoni anauliza:

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Ninaishi Mji wa Kale na ninafundisha historia, kazi ambayo imenifanya niwapeleke wanafunzi Fort Jesus mwaka baada ya mwaka. Kila ninapowaeleza juu ya Vasco da Gama aliyetia nanga mbele ya kisiwa chetu Aprili 1498, juu ya Francisco de Almeida aliyeuteka na kuuchoma mji mwaka 1505, na juu ya ngome yenyewe iliyoanza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, huhisi kwamba nusu ya habari ninayoisimulia sijaiona kwa macho yangu. Sasa Mungu amejalia, na mimi, mke wangu na mama yangu mzazi tumeweka akiba ya kwenda kuiona nusu hiyo iliyobaki, kwa muda wa wiki tatu hivi, wakati wa likizo ya Agosti.

Orodha niliyoiandika ni hii: Lisbon, Sintra, Porto, Évora, Seville, Córdoba, Granada, Toledo, Barcelona, kisha visiwa vya Mallorca na Madeira. Mke wangu ameitazama na kuniambia kwamba tutakuwa tukifungua na kufunga mabegi tu, na nadhani ana haki. Naomba wenye ujuzi mnisaidie katika mambo manne. Kwanza, ni miji ipi niifute bila majuto? Pili, ikiwa tutakwenda kisiwa kimoja tu, kiwe kipi? Tatu, mama yangu ana nguvu lakini magoti yake hayapendi ngazi. Ni wapi atapata taabu na wapi atastarehe? Nne, sisi ni Waislamu na tungependa kula bila wasiwasi. Msinipe majina ya hoteli. Nataka kujua mahali penyewe na sababu ya kwenda.

Bint Kuze anajibu:

Waaleikum salaam, Mwalimu. Nilisoma Lisbon na bado ninakwenda huko kwa kazi, kwa hiyo nitasema juu ya mji huo na kuwaachia wengine Uhispania. Ushauri wangu wa kwanza ni kufuta Barcelona, Toledo na Porto. Si kwamba miji hiyo haina thamani, bali wewe umekwisha kueleza unachokitafuta, na mtu anayefuata uzi wa historia ya pwani yetu hawezi kuuvuta kila upande kwa wiki tatu.

Lisbon ipewe siku nyingi kuliko mji mwingine wowote. Watalii wengi hukimbilia mtaa wa Belém asubuhi, wakapiga picha, na kurudi mjini kabla ya adhuhuri. Ninyi nendeni taratibu. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 kwa amri ya Mfalme Manuel I, na sehemu ya gharama zake ilitokana na kodi ya asilimia 5 iliyotozwa juu ya biashara ya Afrika na ya Mashariki, yaani mali zilizopita kwenye njia ileile iliyopita mbele ya bandari zetu. Ndani ya kanisa lake, karibu na mlango, kuna kaburi la Vasco da Gama. Yeye alifia Cochin, Uhindi, mwaka 1524, mifupa yake ikarejeshwa Ureno baadaye, na ikaletwa hapo Jerónimos mwaka 1880. Kwa mtu wa Mombasa, kusimama mbele ya kaburi hilo si jambo jepesi, na sidhani linapaswa kuwa jepesi. Mnara wa Belém ulio ukingoni mwa mto Tejo ni mzuri zaidi kuutazama kutoka nje. Ngazi zake za kuzunguka ni nyembamba mno, na mama asilazimishwe kuzipanda.

Hata hivyo, kama ungeniuliza ni kitu gani kimoja ambacho mwalimu wa historia kutoka pwani hapaswi kukikosa, nisingetaja kaburi wala mnara. Ningekupeleka Museu Nacional de Arte Antiga, jumba la makumbusho lililo kati ya katikati ya mji na Belém, nikakuonyesha chombo cha ibada kinachoitwa Custódia de Belém. Kilitengenezwa kwa dhahabu mwaka 1506 na sonara Gil Vicente, na dhahabu hiyo ni ile ambayo Vasco da Gama aliitoza Kilwa kwa nguvu katika safari yake ya pili, mwaka 1502, alipomlazimisha mtawala wa huko kumtambua mfalme wa Ureno na kumlipa ushuru. Kimepambwa kwa sanamu ndogondogo za mitume waliopiga magoti, na ufundi wake ni wa hali ya juu kabisa. Watu hupita mbele yake wakistaajabia kazi ya sonara. Mimi niliposoma kwamba ni dhahabu ya Kilwa nilibaki pale mpaka mlinzi akanisogelea. Waeleze wanafunzi wako kitu hicho, maana kinaonyesha mali ya Waswahili ilikokwenda kwa uwazi kuliko aya nyingi za kitabu.

Kuhusu mji wenyewe, fahamu kwamba tetemeko la ardhi la tarehe 1 Novemba 1755, pamoja na mawimbi na moto uliofuata, liliangamiza sehemu kubwa ya Lisbon, ikiwemo Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara ya Bahari ya Hindi, pamoja na nyaraka zake. Mitaa iliyonyooka ya Baixa ni kazi ya baada ya tetemeko, chini ya Marquês de Pombal, waziri wa mfalme. Mtaa wa Alfama ulinusurika kwa sehemu kubwa, na vichochoro vyake vilivyopinda tangu enzi za Waislamu, kabla ya Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, kuuteka mji mwaka 1147, vitamfanya mtu wa Kibokoni ajione kama yuko nyumbani. Tatizo ni ngazi. Mpandisheni mama kwa gari hadi juu, karibu na ngome ya São Jorge, kisha mshuke polepole, mkipumzika kila penye benchi.

Chakula si taabu. Mitaa ya Mouraria na Martim Moniz ina mikahawa mingi ya Wabangladeshi na Wapakistani inayouza nyama halali, na msikiti mkuu wa Lisbon uko wazi tangu mwaka 1985. Kwingineko, samaki watawatosha, ila ulizeni kwanza kama mchuzi una mvinyo. Sintra mnaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo kwa treni kutoka kituo cha Rossio, ingawa ngome ya Wamoor, yaani Waislamu wa zamani wa huko, iliyo juu ya mlima ni ya wenye miguu mizima tu.

Mzee wa Ndia Kuu anajibu:

Mwanangu, nimesoma maneno ya Bint Kuze na ninayakubali, isipokuwa hilo la kuipa Lisbon siku nyingi kuliko miji yote. Ukienda Rasi ya Iberia ukakaa Ureno zaidi, umeiona karne ya 16 na kuziacha karne nane zilizoitangulia. Wareno waliofika kwetu walitoka katika nchi iliyokuwa na misikiti, mifereji ya maji na bustani kabla ya wao kuwa na mfalme, na bila kuliona hilo huwezi kuelewa ni kwa nini walipofika Mombasa waliwaita watu wetu Wamoor na kuwatazama kama maadui waliokwisha kuwajua.

Nenda Córdoba. Msikiti Mkuu ulianzishwa na Abd al-Rahman I mwaka 785, ukapanuliwa na watawala waliomfuata hadi ukawa msitu wa nguzo zaidi ya 800, zilizobeba matao mawili mawili ya mawe meupe na matofali mekundu. Mihrabu iliyojengwa wakati wa al-Hakam II imepambwa kwa vipande vidogo vya kioo cha rangi na dhahabu, kazi iliyofanywa kwa msaada wa mafundi wa Bizanti, na maandishi yake ya Qur'ani yanasomeka hadi leo. Mji ulipotekwa na Wakristo mwaka 1236, msikiti uligeuzwa kanisa, na kuanzia mwaka 1523 wakajenga kanisa kuu katikati yake, wakikata safu za nguzo. Nakuambia mapema ili usije ukashtuka: ni kanisa linalotumika, walinzi wake hawaruhusu Mwislamu kuswali humo, na huyo mama yako akiinua mikono kuomba dua kwa sauti atazuiwa. Ingieni kwa utulivu, dua ibaki moyoni. Kwa desturi, asubuhi za Jumatatu hadi Jumamosi, kuanzia saa mbili na nusu hadi saa tatu na nusu, kuingia ni bure na makundi makubwa ya watalii hayajafika; huo ndio wakati wa kuiona mihrabu bila kusukumwa. Sakafu ni tambarare, magoti ya mama yatashukuru.

Granada ni jambo jingine. Alhambra ilianzishwa na Muhammad I wa ukoo wa Nasr mwaka 1238, na uwanja wake mashuhuri wa simba ulijengwa katika karne ya 14, wakati wa Muhammad V. Kutani mtaona maneno «wa la ghaliba illa Allah», hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu, yamechongwa mara nyingi mno kuhesabika. Mwaka 1492, tarehe 2 Januari, Abu Abdallah, mtawala wa mwisho wa Kiislamu wa Granada, ambaye Wahispania humwita Boabdil, alikabidhi mji kwa Isabel na Fernando, malkia na mfalme wa Kikristo wa Uhispania. Hesabu miaka, mwanangu: toka siku hiyo hadi merikebu za Vasco da Gama kutokea mbele ya Mombasa ni miaka sita tu na miezi michache. Msikiti mpya wa Granada, uliofunguliwa mwaka 2003 katika mtaa wa Albaicín, unatazamana na Alhambra ng'ambo ya bonde, na hapo mtaswali bila kuzuiwa na mtu. Albaicín ina milima na mawe ya kuteleza, lakini basi dogo la mjini hupanda hadi karibu.

Seville msiiache, ila siku chache zinatosha. Mnara wa Giralda ulikuwa wa msikiti, ulikamilika mwaka 1198, na kupanda kwake karibu njia yote ni kwa mteremko, si kwa ngazi, kwa hiyo hata mama anaweza kujaribu akipenda.

Jambo la mwisho ni Agosti. Seville na Córdoba wakati huo joto hupita nyuzi 40 mara kwa mara, na si joto letu lenye upepo wa bahari. Badilisheni iwe likizo ya Aprili, ila mkwepe juma la kabla ya Pasaka, maana maandamano ya kidini hujaza mji wa Seville na bei hupanda sana.

Msafiri wa Tudor anajibu:

Mwalimu, swali lako la kisiwa limerukwa, nami ningependa kulijibu kwa kirefu kwa sababu naona umekitafuta kisiwa mahali pasipo pake. Mallorca ina mabaki ya hamamu ya Kiarabu mjini Palma na matuta mazuri ya mawe katika milima ya Tramuntana, lakini haikuwa kwenye njia ya kuja kwetu. Madeira ina misitu ya kale na mifereji ya maji ya kupendeza, na ndiko Wareno walikolima miwa kwa wingi katika karne ya 15, ila Funchal ni miinuko mitupu. Nendeni Terceira, katika visiwa vya Azores, mjini Angra do Heroísmo. Ndege kutoka Lisbon huchukua zaidi ya saa mbili kidogo.

Sababu ya kwanza ni mtu. Paulo da Gama, kaka yake Vasco, ndiye aliyekuwa nahodha wa merikebu São Rafael. Katika safari ya kurudi kutoka Uhindi, mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi na watu hawakutosha tena kuendesha merikebu zote, kwa hiyo Januari 1499 waliiteketeza São Rafael kwenye pwani yetu, kusini mwa Mombasa, upande wa Tanga, mahali palipoitwa Mtangata. Paulo aliendelea akiwa mgonjwa, ndugu yake akampeleka Terceira kwa matumaini ya kumponya, akafia huko mwaka huohuo na kuzikwa Angra. Basi merikebu yake iko kwetu na kaburi lake liko kwao.

Sababu ya pili ni ngome. Kati ya mwaka 1580 na 1640 mfalme mmoja alitawala Ureno na Uhispania pamoja, na Felipe II ndiye aliyekuwa mfalme Fort Jesus ilipoanzishwa. Terceira ilikataa kumtii hadi ilipotekwa mwaka 1583, na katika miaka ileile ya 1590 ikaanza kujengwa juu ya mlima Monte Brasil ngome kubwa ambayo leo inaitwa São João Baptista, ili kuulinda ule mji ambamo merikebu zilizotoka Uhindi zilitua kupata maji, chakula na ulinzi kabla ya hatua ya mwisho kwenda Lisbon. Tazameni pembe za ngome zinavyochomoza, jinsi mizinga ya upande mmoja inavyoulinda upande wa pili, kisha mkumbuke mlivyosimama kwenye pembe za Fort Jesus. Ni fikra moja ya ujenzi, serikali moja, na wakati mmoja, moja ikisimama mwanzo wa njia ya Bahari ya Hindi na nyingine mwisho wake. Hili sikulisoma kwenye kijitabu chochote cha watalii, nililiona mwenyewe nikiwa pale, na tangu hapo ninalisisitiza kwa kila mtu wa Mombasa anayeniuliza.

Angra iliharibiwa vibaya na tetemeko la tarehe 1 Januari 1980, ikajengwa upya kwa kufuata sura yake ya zamani, na tangu mwaka 1983 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mji ni mdogo, mitaa ya chini karibu na bandari ni rahisi kwa mama, na samaki ni wengi. Bebeni nguo za mvua, kwani hali ya hewa hubadilika mara kadhaa kwa siku.

Binti wa Changamwe anajibu:

Ninashukuru kwa mafunzo haya, lakini kuna mji mmoja ambao sijaona mtu yeyote akiutaja. Ukiwa Belém utaona mnara mkubwa wa mwaka 1960 unaowasifu mabaharia, na utazungukwa na maelezo ya ushujaa wao. Ili kupata upande wa pili, inakubidi ushuke hadi Lagos, kusini mwa Ureno. Mwaka 1444 waliletwa hapo Waafrika 235 waliotekwa, wakagawanywa hadharani, na mwandishi wa habari za mfalme, Zurara, aliandika jinsi wazazi walivyotenganishwa na watoto wao. Mwaka 2009, wakati wa kuchimba mahali pa kuegeshea magari, yalipatikana mabaki ya Waafrika zaidi ya 150 waliotupwa penye jaa la taka nje ya kuta za mji. Leo kuna makumbusho madogo katika jengo linaloitwa soko la watumwa.

Sisemi mwache Belém. Nasema mtu asiende Belém peke yake akarudi na kuwaambia wanafunzi kwamba amekwisha kuiona Ureno. Lagos ni mji tambarare kwa kiasi, na kwa treni kutoka Lisbon mtabadilisha mara moja njiani.

Mwalimu wa Kibokoni anarejea:

Mmenifanyia hisani kubwa, na nimeandika kila neno. Dada wa Changamwe, umesema kweli, na Lagos nitaiingiza. Mzee wangu, likizo ya Aprili nimeikubali. Sasa njia yetu ni hii: Lisbon, kisha Terceira na kurudi Lisbon, baadaye Lagos, halafu tuvuke kwenda Seville kwa basi, Córdoba, na kumalizia Granada, tukirudi nyumbani kupitia Málaga. Sintra ibaki kama nafasi ikiruhusu. Nimebakiwa na swali la viza: nchi ni mbili, ombi ni moja, je, twende ubalozi upi? Na mama, ambaye hana mshahara wala akaunti kubwa, atahitaji nini?

Bint Kuze anajibu tena:

Mwalimu, kanuni ni kuomba kwa nchi ambayo mtalala usiku mwingi zaidi, na kwa njia hiyo yenu ni Ureno. Kama usiku ungelingana, mngeomba kwa nchi mtakayoingia kwanza, ambayo pia ni Ureno. Viza hiyo moja itawapitisha Uhispania bila ombi jingine. Ombi halipokewi mapema kuliko miezi 6 kabla ya safari, na linapaswa kufika angalau siku 15 kabla. Ninyi msingoje hizo siku 15, pelekeni miezi mitatu kabla, kwa kuwa siku za miadi hujaa. Itawabidi ninyi nyote, na mama pia, kufika Nairobi kwa ajili ya alama za vidole, hivyo chagueni siku moja kwa watu watatu. Pasipoti ziwe zimetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ziwe hai kwa angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka huko, na bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000 katika nchi zote za Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja.

Kwa mama, andika barua kwamba wewe ndiye unayemgharamia, uiambatanishe na taarifa zako za benki na za mshahara, pamoja na cheti chako cha kuzaliwa kinachoonyesha jina lake. Ikiwa ana nyumba au shamba kwa jina lake, hati yake iwekwe pia, maana maofisa wanataka kuona kitakachomrudisha nyumbani.

Tikiti za kwenda na kurudi, hata hoteli, mziwekee nafasi zinazoweza kufutwa mpaka viza itoke. Alhambra ndiyo yenye masharti magumu: tikiti huandikwa jina na namba ya pasipoti, na ile kasri ya Nasr ina saa yake maalumu ya kuingia, ambayo mkichelewa haibadilishwi. Viza ikitoka tu, nunueni tikiti hizo kabla ya kuthibitisha hoteli ya Granada, kisha mpange usiku wa Córdoba kurudi nyuma kutoka siku mliyoipata. Pia kumbukeni kwamba saa za Ureno bara ziko nyuma ya Uhispania kwa saa moja, kwa hiyo basi la Seville litawafikisha, kwa saa za huko, saa moja baadaye kuliko mnavyodhani.